Mama-mkwe Nyuma, Simu Mbele

Élie alikigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea darini, ndipo mama-mkwe wake akakubali kuingia garini. Aliingia kwa mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kitenge amekivuta hadi kwenye nyusi, akakaa upandeupande kama mtu ambaye atateremka sasa hivi. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Kwa Baluba, wawe wa Kasai kama mama huyu au wa Katanga ya kaskazini kama Élie, mume na mama mzazi wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na neno la mmoja haliendi kwa mwingine mpaka lipitie kinywa cha mtu wa tatu. Baluba wa pande hizo mbili hubishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili sijasikia wakibishana.

Tangu amwoe Claudine, Élie alikuwa amemfahamu Mama Honorine kwa ndara zake na kwa kikohozi chake tu. Na alimpenda hivyohivyo. Mama-mkwe wa kikohozi hana ugomvi na mtu.

Sasa Claudine alikuwa amelala katika hospitali ya uzazi kule Katuba, upande wa pili wa Lubumbashi, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto hataki kutoka. Daktari alisema lazima apasuliwe. Akasema pia kwamba hatashika kisu kabla ya kuona mfuko wa damu kando yake, maana mgonjwa alikuwa ameanza kutokwa na damu, na damu yake ni ya kundi adimu, lile la négatif, ambalo hospitali haikuwa nalo hata tone. Katika ukoo mzima mwenye damu hiyo alikuwa mmoja, Mama Honorine, aliyejua hivyo tangu siku alipomzaa huyohuyo Claudine. Akapigiwa simu, simu imezimika, kwa kuwa Ruashi, mtaa anakokaa, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Guelord, mdogo wake Claudine, hakujua kuendesha, na mtu wa familia alitakiwa abaki pale wa kukimbilia dawa. Basi Élie akaenda mwenyewe, roho mkononi.

Kufika Ruashi, ujumbe aliutoa kwa jirani. Mama Brigitte alikuwa akifagia uani, na Mama Honorine amesimama hatua chache nyuma yake, amewapa mgongo.

"Mama Brigitte, uambie mama kama Claudine iko mubaya. Banatafuta damu ya mama."

Mama Brigitte akageuka na kuyarudia yote, neno kwa neno, kwa mtu aliyekwisha kuyasikia. Mama Honorine hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kingine, akasimama langoni akitazama barabara huku na huku. Alikuwa akitafuta mtoto. Mtoto yeyote wa kupakiwa katikati yao angetosha, hata wa kuazima, apokee maneno huku na kuyapeleka kule. Lakini watoto wote walikuwa shuleni, na Mama Brigitte alikuwa na mume mgonjwa ndani. Mama Honorine akahema, akaja garini.

Gari lenyewe Élie alikuwa amelinunua juzijuzi, moja ya zile Toyota zinazotoka Japani na usukani wake kulia. Lilikuja na kioo cha ramani kilichojengewa ndani, nacho kilipowashwa kilisalimu kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kikaonyesha bahari. Kilikuwa bado kinaamini kwamba kimeegeshwa kwao. Élie alikizima akashika simu, maana mjini humu alikuwa mgeni wa usukani. Alikuwa ametoka Kamina kuja kufunga mitambo ya umeme wa jua, na Lubumbashi aliijua kwa miguu na kwa basi. Mtu wa basi huujua mji wa dereva mwingine.

Simu ikampa njia mbili. Ya kwanza, ya buluu, ilifuata barabara kubwa kupitia mjini, na katikati yake ilikuwa nyekundu tupu, magari yamekwama. Ya pili, ya kijivu, ilikatiza vichochoro vya Bel-Air, fupi zaidi, lakini sehemu yake ni ya vumbi. Kulikuwa na vijisanduku vya kuweka alama pia: epuka njia za kulipia, epuka njia zisizo na lami. Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Akichagua ya mjini, atakaa katika msongamano huku mkewe akivuja damu. Akichagua ya vumbi, Mungu ndiye anajua kuna nini huko.

Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo haikuwa kwenye kioo. Ilikuwa imekaa nyuma yake, imejifunika kitenge. Mama Honorine alikuwa ameuza nguo nyumba kwa nyumba katika mji huu kabla Élie hajaota jino, na hakuna avenyu ambayo hakuwa amedai deni kwenye malango yake. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini wahenga hao sidhani kama walipata kumpakia mama-mkwe.

Akaondoa alama kwenye kijisanduku cha lami, akagusa ile ya kijivu. "Tournez à droite," ikasema simu, sauti ya mwanamke wa Kifaransa asiye na haraka. Élie akakata kulia. Nyuma, Mama Honorine akakohoa.

Élie alidhani ni vumbi, akafunga dirisha.

Wakaingia Bel-Air. Simu ikasema kushoto, akaenda kushoto, na Mama Honorine akakohoa tena, mara mbili, kwa nguvu. Élie akazima feni. Alikuwa akimwona Claudine jinsi alivyomwacha, midomo imekauka, akimshika kidole kimoja tu badala ya mkono, kana kwamba hakutaka kumchosha. Mama Honorine akagonga kioo cha dirisha lake kwa pete. Labda kichefuchefu, akawaza Élie, na kwa heshima akapunguza mwendo. Heshima ilikuwa imejaa gari zima asubuhi ile, na wote wawili walikuwa wakiinywa kama sumu.

Kisha akapinda kona ya mwisho na kukuta turubai. Lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa nyumba hii hadi ukuta wa nyumba ya pili, limeikalia barabara yote. Chini yake viti vya plastiki, wanaume wamejiinamia, wanawake juu ya mikeka, masufuria yanafuka kwa nyuma. Kilio. Mtu akifa Lubumbashi, barabara huwa yake mpaka azikwe, na simu haiambiwi.

Mwanaume mmoja akaja taratibu hadi dirishani. "Papa, hapa hapapitike. Tuko ku kilio."

"Poleni sana, papa. Niko na mugonjwa, banamungojea ku Katuba."

"Hata na mugonjwa, utapita wapi? Turubai iko pale tangu yuzi." Akainama, akatazama kiti cha nyuma, uso ukamchangamka kidogo. "Ah, mama Honorine. Jana si ulishinda na siye hapa? Haukubaonyesha njila?"

Élie akakumbuka kile kikohozi. Alikuwa anajua. Tangu kona ya kwanza mama huyu alikuwa anajua. Hasira ikampanda, akaimeza, ikawa hofu. Hasira ya nini, naye je, alikuwa amefungua kinywa kuuliza?

Akaweka gia ya kurudi nyuma. Sasa tazama balaa: kioo kimetazama dari, na akigeuza shingo atakutana uso kwa uso na mama wa mke wake. Alirudi nyuma kwa vioo vya ubavuni, akichungulia kulia, akikisia kushoto, mpaka mtu akapiga ukelele na gari likasimama ghafla. Baiskeli ya magunia ya makaa, makala kama wasemavyo huku, ilikuwa imekwepa kwa kipande kidogo tu. Mwenye baiskeli alimtukana kwa lugha mbili. Élie alimwomba msamaha kwa hizohizo mbili.

Simu ikalia. Alikuwa Guelord, ambaye shemeji yake humwita beau. "Beau, muko wapi? Docteur anauliza kila saa."

"Tuko Bel-Air, njila inafungwa. Guelord, usikate. Niko naweka haut-parleur, mama asikie. Ulize mama tupite wapi."

Mama Honorine akainuka haraka mpaka kitenge kikamteleza. "Guelord, mutoto yangu, uambie bwana ya Claudine kama—"

"Mama, bananiita, banasema bitambaa binaisha. Niko nakuya!" alisema Guelord, lile la mwisho akimwambia muuguzi, na simu ikakatika. Élie akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Faites demi-tour dès que possible," ikasema simu, ikiwa imerudi kwenye kazi yake, ikimtaka ageuze gari.

Hapo ndipo Mama Honorine alipojisogeza mbele hadi pete yake ikagusa mgongo wa kiti, akaisemesha simu.

"Weye mama wa mu telefone," alisema, kwa ile sauti ya mtu anayezungumza na karani. "Aksanti kwa kazi yako. Uambie huyu mwenye kuendesha arudi mpaka ku kanisa ya rangi ya manjano. Pale akamate mukono ya kushoto."

Élie alitazama mbele. Hakujua acheke au alie. Kisha akajibu, macho kwenye simu. "Madame, uambie mama kama nimesikia."

"Tournez à droite," ikasema simu.

"Asifwate kulia," alisema Mama Honorine. "Kulia kuko shimo, camion ya muzigo ilianguka mule. Madame, haukae hapa, weye."

"Madame, uambie mama kama ninafwata yeye."

"Faites demi-tour."

"Huyu mama hasikiake," alisema Mama Honorine, na kama si siku ile Élie angecheka, maana ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama-mkwe wake akitania. Walikwenda hivyo, kanisa la manjano, kisha kisima cha bomba, kisha ukuta mrefu wenye vigae vilivyovunjika, mama akiipa simu njia, simu ikikataa, na Élie akiipa simu majibu ya kumpa mama. Mtu angewaona angedhani ni wendawazimu watatu. Lakini gari lilikuwa likienda. Lilitoka kwenye vumbi likaingia lami, na Élie akavuta pumzi ya kwanza ya kweli tangu Ruashi.

Pumzi hiyo haikudumu. Mbele yao kulikuwa na lori refu la mgodi limebeba magunia, linajikokota kama konokono, na mbele ya lori hilo hapakuonekana kitu. Wakati huohuo kioo cha simu kikafifia, kikaonyesha betri tupu, kikawa cheusi. Tangu alfajiri Élie alikuwa akipiga simu bila kuichaji. Akaibonyeza, akaibonyeza tena. Yule mwanamke wa Kifaransa alikuwa amekwenda zake.

Sasa mtu wa tatu hakuwapo tena.

Mwenye usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia anajua taabu hii. Ukiwa nyuma ya lori huoni barabara, unaona tairi na matope. Ukitaka kulipita lazima ulitoe gari zima upande wa kushoto ndipo macho yako yafike, na kufikia hapo mauti yanaweza kuwa yamefika pia. Ndiyo maana madereva wa magari haya hawapendi kwenda peke yao. Aliyekaa kushoto ndiye mwenye macho. Claudine hukaa pale, huegemea dirisha na kusema, ngoja, ngoja, haya pita, huku akimenya karanga. Élie hakuwahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni kazi.

Akachungulia. Akatoa pua ya gari. Honi kubwa ikamvamia, akarudi haraka, basi likapita likiyumba na upepo wake ukatikisa Toyota. Lori likazidi kupunguza mwendo, kuna kilima. Katuba haikuwa mbali tena, na ilikuwa kama iko Zambia.

Mficha uchi hazai, watu husema, na msemo huo mara nyingi ni wa kuwacheka wenye haya. Siku ile haukuchekesha.

"Ngoja," alisema Mama Honorine.

Élie akabana usukani. Hakuna simu, hakuna Guelord, hakuna jirani na ufagio wake. Neno lile lilikuwa limetoka kwake likaja kwake, moja kwa moja.

"Ngoja. Kuko motokari nyeupe. Ingine nyuma yake." Alikuwa amebandika uso kwenye dirisha. "Ngoja. Bado. Ile ya makala ipite kwanza."

Élie hakuona chochote. Aliona tairi. Alikuwa akiendesha kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kumwona macho.

"Sasa pita, Élie. Pita, mutoto yangu, kuko wazi."

Alikanyaga mafuta mpaka chini. Toyota ikalia, magunia yakapita kandokando ya dirisha, yakapita, hayakwisha, kisha yakaisha, na barabara ikafunguka mbele yao ikiwa tupu kama alivyosema. Mama aliendelea tu, kushoto hapa, nyoosha, angalia watoto wa shule, kulia pale kwenye duka la rangi, na Élie akawa akijibu, ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka lango la hospitali.

Muuguzi alimpokea Mama Honorine akiwa bado anateremka, akamshika mkono, wakaingia. Guelord alikuwa koridoni na mfuko wa serumu, maji ya dripu, ameukumbatia kifuani kama mtoto. Alionyesha mlango kwa kidevu. Claudine alikuwa amekwisha kuingizwa chumba cha upasuaji.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja huku hakuna simu inayoonyesha umebakiza kilomita ngapi. Mlango ulifunguka, muuguzi akapita mbio na mfuko mwekundu umefunikwa kitambaa, mlango ukafungwa. Élie aliomba sala alizozijua. Zikaisha, akazianza upya. Kila aliposikia ndara sakafuni aliinuka. Alifikiria ile njia ya kijivu, jinsi kidole chake kilivyoigusa, na muda uliomwagika pale Bel-Air. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu je?

Hatimaye daktari alitoka, mwanamke mfupi ambaye watu walimwita docteur Delphine, kofia ya kitambaa bado kichwani. Alizungumza polepole. Claudine yuko hai. Amepoteza damu nyingi, lakini ile iliyoingia imemrudisha. Mtoto naye yuko hai, msichana, amelia vizuri. "Mais vraiment, kweli," akaongeza, akimtazama Élie, "tulianza kuogopa." Akarudi ndani.

Guelord akateleza chini ya ukuta, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Ilikuwa zamu yake kumpelekea mama habari, ndivyo mambo yalivyo, lakini machozi yalikuwa yamemjaa kinywani na hakuweza kutoa neno lolote. Élie alimngoja kidogo. Kisha akaenda mwenyewe.

Mama Honorine alikuwa amelazwa katika chumba kidogo, pamba imebanwa kwenye kiwiko, uso ameuelekeza ukutani. Alisikia hatua na akazijua. Alizungumza na ukuta.

"Weye kibambazi," alisema. "Nilijua kama kuko kilio. Tangu ku kona ya kwanza nilijua. Nilikuwa na kinywa, nikakohoa. Kama Claudine anakufa, ni miye nilimuua. Nilimuua na heshima."

Élie alisimama katikati ya chumba. Angeweza kusema na ukuta, kama alivyosema na simu, na maneno yangefika bila kosa lolote. Akazunguka kitanda, akachuchumaa kati ya kitanda na ukuta, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mama. Mama alikuwa mdogo kuliko Élie alivyodhani siku zote, na macho yalikuwa yamevimba.

"Mama," alisema, "Claudine iko muzima. Mutoto naye iko muzima. Ni binti."

Mama Honorine hakuvuta kitenge. Alimtazama kama mtu anayesoma uso kuona kama unadanganya.

"Umebaona na macho yako?"

"Bado, mama. Docteur njo aliniambia."

"Basi enda ubaone. Kisha urudi uniambie," alisema. "Weye mwenyewe. Usitume muntu."